Kompyuta Bila Meza

Shuleni tulifundishwa kuiita tarakilishi. Neno liliandikwa ubaoni, tukalinakili, tukalitungia sentensi tatu, na kipindi kikaisha. Hakuna aliyeomba kuiona. Tulijua iko moja ofisini kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, na kwamba anayeingia humo huwa ameitwa kuadhibiwa. Baadaye Kiswahili chetu cha shule kikaendelea kuzaa majina: kipakatalishi, ile ya kupakatwa mapajani kama mtoto, rununu, ile ya kutembea nayo mfukoni. Wasee mtaani wakaendelea kusema kompyuta, lapi na simu, na maisha yakaenda.

Kuna jina lingine ambalo sisikii likijadiliwa sana: kompyuta ya mezani. Hapo kwa meza ndipo nataka kuanzia. Nimesoma makala mengi yanayosimulia jinsi Mkenya alivyoruka kompyuta akatua moja kwa moja kwa simu, kana kwamba ni mchezo wa kamba. Masimulizi hayo husifu ujanja wa simu. Mimi naona historia yenyewe ni ya meza: nani alikuwa nayo, nani hakuwa nayo, na nani hadi leo anatudai meza bila kuitaja.

Nikisema meza namaanisha meza kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, wahandisi walikuwa wakibuni kompyuta ya mtu mmoja. Alto ikatoka mwaka 1973. Mwaka 1981 Xerox ikaanza kuuza Star, ambayo kioo chake kilichorwa kama meza ya karani: karatasi, folda, kabati la faili, trei ya barua. Apple ikalichukua wazo hilo ikalitia kwenye Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, na Microsoft ikafuata. Ndiyo maana hadi leo, ukiwasha kompyuta, picha ya kwanza unayoiona jina lake la Kiingereza maana yake ni juu ya meza. Waliobuni hayo yote walikuwa wakiangalia ofisi walimokaa.

Sasa ichukue mashine hiyo uilete Kayole, kwa chumba cha futi kumi kwa kumi ambamo kitanda, jiko la gesi na kochi vimeshagawana sakafu. Itataka meza. Itataka soketi ambayo haijachukuliwa na pasi. Itataka UPS, maana stima ikipotea katikati ya kazi, na kazi imeenda. Itataka kufuli ya maana, kwa sababu ploti nzima iliiona ikipandishwa ngazi. Na itataka pesa zote mara moja, jambo ambalo karibu hakuna kitu kingine mtaani hulidai. Sukari tunanunua ya bob kumi. Mafuta tunapimiwa.

Sensa ya 2009 iliuliza nyumba za Kenya zina nini. Zenye kompyuta zilikuwa takriban asilimia 3.6. Zenye simu ya mkono zilizidi asilimia 60. Nyumba zilizowasha taa kwa stima hazikufika robo. Ukizisoma takwimu hizo kwa pamoja unagundua kitu cha ajabu kidogo: nyumba nyingi zilikuwa na simu bila kuwa na mahali pa kuichaji. Kinyozi ndiye aliyechaji, au duka lenye paneli ya sola, kwa bob kumi au ishirini, simu zimepangwa kwa rafu na vibandiko vya majina mgongoni. Simu ilikubali kwenda kutafuta stima yenyewe. Kompyuta ya mezani ingeletewa.

*

Hiyo haimaanishi hatukuijua kompyuta. Tuliijua jinsi mtaa unavyojua mfereji: ni ya wote, ina foleni, na unalipia.

Kabla ya saiba kulikuwa na zile ofisi za kupigisha chapa, ghorofani katikati ya mji, ambapo ulipanda na barua yako ya kuomba kazi imeandikwa kwa mkono na dada mmoja akaipiga kwa taipureta bila kuinua macho. Intaneti iliingia nchini katikati ya miaka ya 1990, kupitia kampuni kama Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya waliosomea Marekani. Baadhi ya ofisi hizo zikaweka kompyuta mahali pa taipureta, zikavuta laini ya simu, zikabadilisha kibao mlangoni. Saiba ikazaliwa.

Ilikuwa ghali, na kulikuwa na sababu. Hadi 2009 Kenya haikuwa na kebo ya baharini, kwa hivyo data ya kwenda ng'ambo ilipanda kwa setilaiti na kushuka tena. Kwa miaka kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo ilikuwa mkononi mwa Telkom peke yake, kupitia mtandao wake wa Jambonet. Gharama ya huko juu ilishuka hadi ikatua kwa dakika yako. Nilipoanza kwenda saiba bei ilikuwa bob moja kwa dakika, na wakubwa wetu walituambia tuna bahati, wao walilipa mara kadhaa ya hiyo kungoja tu ukurasa wa Yahoo ufunguke.

Dakika ilifundisha watu tabia. Nimemwona mtu akija na imelo yake imeandikwa kwa karatasi, nakala safi kabisa, ili akishakaa aipige mbio na kuondoka. Saa ilikuwa pembeni mwa kioo ikihesabu. Nyuma yako kuna mtu amesimama, na haangalii dari. Kazi yako ulitoka nayo kwa flashi iliyojaa virusi, au uliiacha palepale, kwa mashine namba nne, katikati ya wasifukazi wa watu usiowajua. Wamarekani waliipa mashine hii jina la kompyuta binafsi. Kwa wengi wetu haikuwa binafsi hata siku moja.

*

Simu ilianza kuinyang'anya kompyuta kazi kabla haijawa janja. M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007, na haikuhitaji intaneti wala kioo cha rangi. Menyu yake ilikaa ndani ya laini yenyewe na maagizo yakasafiri kama ujumbe mfupi uliofungwa kwa siri. Mulika mwizi ya bei ya chini kabisa ilitosha. Itazame kazi hiyo: kuweka hesabu, kuthibitisha mtu ni nani, kuhamisha salio, kutoa risiti. Ilikuwa kazi ya karani wa benki, nyuma ya kioo, mbele ya kompyuta. Ikashuka hadi kwa kidole cha mama mboga, naye akaifanya amesimama.

Kisha ikaja Opera Mini, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona historia imeisahau. Programu hii ya kampuni ya Norway ilienea duniani kuanzia 2006. Siri yake ilikuwa kwamba simu yako haikufungua ukurasa. Iliziomba kompyuta za kampuni hiyo ziufungue huko ziliko, ziukamue, zipunguze picha, halafu zikutumie kifurushi kidogo kilichokwisha kukandwa. Nokia ya vitufe, kioo cha upana wa vidole viwili, ikawa inasoma kurasa zilizotengenezewa kompyuta ya ofisini. Kwa hivyo kompyuta bado ilikuwepo. Ilikuwa tu mbali, na kodi ya chumba chake haikutuhusu.

Ukizima picha, kredo ya bob kumi ilienda mbali sana. Yule aliyekuwa akiandika imelo kwa karatasi ili aokoe dakika sasa aliweza kuikalia, kuifuta, kuianza upya, usiku, chini ya blanketi, bila mtu nyuma yake. Ukiniuliza, kilichotuhamisha kutoka saiba kilikuwa hicho kwanza, kasi ikaja baadaye. Mtu aliyelala kitanda kimoja na ndugu wawili alipata kitu chake peke yake, chenye nywila.

Mwaka 2009 kebo zikatua Mombasa. SEACOM ilianza kazi Julai. TEAMS, iliyochangiwa na serikali na kampuni za mawasiliano, ilivutwa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. (Hupenda kuwaza kwamba ilipita njia ileile ya majahazi ya Ghuba, ila hii haikungoja kaskazi.) Juni mwaka huohuo bajeti iliondoa VAT kwa simu za mkono. Mapema 2011 ikafika IDEOS ya Huawei, iliyouzwa na Safaricom kwa takriban shilingi 8,000: Android, kioo kidogo, betri isiyoiona jioni. Kompyuta ya mitumba, zile tunazoita ex-UK, ilikaribia bei hiyo au kuipita, na hapo hujanunua meza. Watu walifanya hesabu.

Serikali nayo ilifanya yake. VAT ikarudi kwa simu mwaka 2013, na mwaka 2022 ukaongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoingizwa nchini. Kabla ya hayo, usiku wa mwisho wa Septemba 2012, tume ya mawasiliano iliamuru simu bandia zizimwe, na karibu milioni 1.9 zikanyamaza. Wengi waliozishika hawakujua ni bandia. Walijua tu kwamba zilikuwa za bei nafuu.

*

Mwaka 2013 meza iligombewa hadharani. Jubilee ilikuwa imeingia kampeni na ahadi kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule za umma atapewa kipakatalishi. Tuliifanyia vichekesho: kipakatalishi kwa shule isiyo na madawati, mtoto anakipakata chini ya mwembe huku mbuzi wanapita. Zabuni ya kwanza ikafutwa baada ya rufaa. Mradi ulipofufuka na kufika shuleni mwaka 2016, kipakatalishi kilikuwa kimegeuka tableti njiani. Mikataba ilienda kwa vikundi viwili, kimoja kikiwa na Chuo Kikuu cha Moi, kingine na JKUAT. Walimu walipata vipakatalishi. Watoto walipata tableti.

Mjadala wa wakati huo ulikuwa wa pesa, na ulistahili kuwa wa pesa. Lakini mimi huyarudia yale mabadiliko ya njiani. Sera iliyoanza kwa kuahidi kila mtoto mashine ya kuandikia iliishia kuleta kioo cha kugusa, na sikumbuki tukigombana juu ya hilo. Tulikuwa tumeshazoea. Simu zetu zilikuwa zimetufunza kwamba kifaa cha kidijitali ni kitu unachokigusa na kukitazama.

Cha kuchekesha ni kwamba wakati huohuo nchi zenye meza kila chumba zilikuwa zinahangaika kuigeuza simu iwe kompyuta. Mwaka 2011 Motorola ilitoa Atrix, simu unayoichomeka nyuma ya kitu kama kipakatalishi kisicho na ubongo, chenye kioo na kibodi tu, na kifaa hicho peke yake kilifika takriban dola 500. Mwaka 2013 Canonical, kampuni ya Ubuntu, iliomba umma uichangie dola milioni 32 itengeneze simu ya Edge ambayo ingekuwa kompyuta kamili ukiiunganisha na kioo; ahadi zilifika karibu milioni 13 na simu haikutengenezwa. Microsoft ikajaribu na Lumia 950 mwaka 2015, kisha simu zake zenyewe zikafa. Samsung ilileta DeX mwaka 2017 pamoja na Galaxy S8, na hiyo angalau bado iko.

Wote hao walikuwa na wazo moja: simu ibebwe hadi mezani, ifungwe kwa kioo kikubwa na kibodi, ionyeshe folda na pipa la taka. Hawakuweza kuwaza kazi isiyo na meza. Huku kwetu mtu alikuwa anauza mitumba kwa picha za WhatsApp, anatengeneza bango la mazishi kwa Canva, anahariri video ya kwaya kwa CapCut ndani ya matatu ya Rongai, na hakuna aliyemwambia kwamba simu yake inakosa kitu.

*

Inakosa, lakini. Si vizuri tujidanganye kwa sababu ya fahari.

Chukua kuandika. Najua hadithi nyingi za rika langu zimeandikwa kwa vidole gumba, na zingine ni nzuri kuliko za watu wenye ofisi. Sehemu za makala haya nimeziandika hivyo. Simu ni nzuri kwa aya. Huwezi kuona ukurasa, huwezi kuweka rasimu mbili ubavu kwa ubavu ukalinganisha, na ukitaka kuhamisha aya ya saba iwe ya pili unasogeza kidole kama mtu anayepanguza kioo cha gari. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya aya zetu kuwa fupi. Wahakiki watasema ni mtindo. Labda ni upana wa kioo.

Chukua pesa pia. Kwa miaka vijana wa Nairobi, Eldoret, Juja na kwingineko wamekuwa wakiandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha zao kwa malipo ya dola. Ubaya wa kazi hiyo tuuache kwa siku nyingine. Kilichoonekana wazi ni nani angeweza kuifanya: aliyekuwa na lapi, au rafiki mwenye lapi anayelala mapema. Mwenye simu tupu alikuwa na intaneti ileile, Kiingereza kilekile, na usiku uleule, ila insha ya kurasa 15 yenye marejeleo haikuandikika. Walipogawanyika mtaani wanaolipwa na mtandao na wanaoulipa, mara nyingi mpaka ulikuwa kibodi.

Kisha kuna serikali. Kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa Nairobi mwaka 2013, eCitizen ikaja 2014, na iTax ikawa njia ya lazima ya kulipa na kuripoti ushuru. Pasipoti, leseni, cheti cha tabia njema, mkopo wa HELB, nafasi ya chuo, vyote vikahamia mtandaoni. Tuliambiwa foleni zimeisha. Lakini fomu hizo zilitengenezwa na watu walioketi mbele ya vioo vikubwa, wakidhani nawe umeketi.

Mfano ninaoupenda, kama kupenda ndilo neno, ni ripoti ya ushuru wa mapato ya mtu binafsi. Kwa miaka mingi ilikuwa faili ya Excel ya kupakua. Ndani yake kulikuwa na makro, yaani vipande vya programu vinavyojiendesha, ambavyo ulipaswa kuviruhusu vifanye kazi. Ukajaza karatasi baada ya karatasi, ukabonyeza kitufe cha kuhakiki, faili ikajifunga kuwa zipu, ukairudisha mtandaoni. Kwa simu haifanyiki. Excel ya simu haiendeshi makro. Kwa hivyo raia mwenye simu janja, bando, nambari ya PIN na nia njema, aligonga ukuta ambao haukuandikwa popote kuwa ni ukuta. Meza ilikuwa imefichwa ndani ya faili. Baadaye zikaja njia nyepesi, na ripoti ya kutokuwa na mapato sasa unaweza kuituma kwa simu. Yaani asiye na mapato ndiye aliyefunguliwa njia ya simu kwanza. Lichekeshe au likukasirishe, ni juu yako.

*

Machi 2020 shule zilifungwa, na hapo kila mtu akaona kilichokuwepo. Vyuo vikuu vilihamia Zoom na Google Meet. Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekuta kompyuta ya aina yoyote, tableti ikihesabiwa, katika takriban asilimia 8.8 tu ya nyumba. Kwa hivyo lekcha ilihudhuriwa kwa simu, noti zikaandikwa kwa simu hiyohiyo, na CAT ikafanywa kwa simu hiyohiyo, mwanafunzi akitoka kwa dirisha la mtihani kusoma swali lililo kwa dirisha lingine, akirudi anakuta mtandao umemtupa nje. Binamu yangu alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi. Mradi wake ulihitaji programu ya kuchora mitambo, ambayo haina toleo la simu lenye maana. Alirudi kijijini Kakamega na simu, na mradi ukangoja karibu mwaka mzima. Siku hizi ni mhandisi, asante. Lakini wenzake waliokuwa na lapi walimaliza mbele yake, na katika soko letu la kazi mwaka mmoja ni foleni nzima.

Julai mwaka huo Safaricom na Google walizindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: shilingi 1,000 za kwanza, kisha bob 20 kwa siku kwa miezi tisa, simu ya 4G mkononi. Wazo hilo lilielewa mtaa kuliko lilivyouelewa kampuni yoyote ya kompyuta. Ni sukari ya kupima. Sharti lake ni kwamba usipolipa, simu hujifunga. Mkopo si kitu kigeni kwetu, kochi nalo huja kwa mkopo. Ila kochi halikukatazi kuketi kwa sababu umechelewa siku mbili. Ikiwa simu hiyo ndiyo ofisi yako, darasa lako na duka lako, bob 20 imekuwa kodi ya vyote vitatu.

Halafu ikaja 2024. Mswada wa Fedha ulitoka Mei kama PDF, lugha ya wanasheria, kurasa za safu nyembamba, umetengenezwa uchapishwe na usomwe mezani. Vijana wakausoma kwa simu. Nilikuwa kwa makundi matatu ya WhatsApp ambamo watu waligawana vifungu: wewe soma ukurasa huu hadi huu, uje utuambie. Wakapiga picha za vioo, wakazungushia aya rangi nyekundu kwa kidole. Wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusoma kama ujumbe wa sauti ili nyanya asikie mkate umefikiwaje. Mmoja wao aliunda programu ya kuuuliza mswada maswali. Ulikuwa na pendekezo la ushuru wa mazingira kwa vifaa vya kielektroniki, na simu iliyokuwa inautafuna mswada ilikuwa ndani ya orodha. Tarehe 25 Juni watu waliingia Bungeni, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma yale, wengi wakiwa vijana, na kuna simu ambazo zilipigwa usiku ule zikaita bila kujibiwa.

Nimesikia wazee wakisema kizazi hiki hakisomi kwa sababu kiko kwa simu. Hati ndefu zaidi ya serikali niliyowahi kuona ikisomwa na umma, neno kwa neno, ilisomwa kwa simu.

*

Basi saiba ingekuwa imekufa. Haijafa. Ile iliyo karibu na stendi yetu imepunguza mashine kutoka 12 hadi tatu, na mbili kati yake ni za wahudumu. Mteja haketi tena. Amesimama kaunta na simu yake. Ukutani pameandikwa nambari kwa kalamu nene: tuma kwa WhatsApp. Unatuma barua uliyoiandika kwa kidole, mhudumu anaifungua, pambizo zimevunjika, jedwali limemwagika hadi ukurasa wa pili. Anakutazama. Anainyoosha kwa dakika tatu bila kuuliza, anaiprinti, bob kumi kwa ukurasa. Fundi wa meza, basi, kama yule dada wa taipureta.

Juni inapoisha foleni hutoka nje hadi kwa muuza viazi, kwa sababu tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya ripoti za ushuru. Wengi kwenye foleni hiyo wana simu zenye nguvu kuliko mashine inayowangoja ndani. Mhudumu hahitaji kuwauliza nywila zao. Wengi walizisahau zamani, na wengine imelo zao alizifungua yeye mwenyewe. Ana kitabu cha mazoezi cha kurasa 96, jalada la bluu, chenye majina, nambari za PIN, nywila, na tarehe ya kuzaliwa ya nusu ya mtaa. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na tuna kitabu hicho. Akitoka kwenda chakula cha mchana hukifungia kwenye droo ya meza.